Maji ya tangi yanapopoa usiku: ziba kwanza, hita baadaye

Swali: Naishi Mbeya mjini. Nina tangi la kioo la sentimita 90 kwa 40 kwa 40, ndani kuna mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa. Hita yangu ni ya wati 100 na nimeitega nyuzi 26. Jioni maji yanasoma 26, alfajiri yanasoma 22, na wiki iliyopita umeme ulipokatika usiku yalifika 20. Samaki mmoja amekufa na wawili wametoka madoa meupe mwilini kama chembe za chumvi. Muuzaji ananishauri ninunue hita ya wati 300. Ninunue? Na je, naweza kuongeza samaki wa aina ya neon tetra na diskasi humo humo?

Jibu: Pole kwa samaki wako. Hita hiyo usiinunue. Joto linaloingia kwenye tangi lako si dogo. Linalotoka ndilo kubwa kupita kiasi. Ukiliziba tangi vizuri, hita hiyo hiyo ya wati 100 itakutosha. Ukikimbilia wati 300 bila kuziba, utakuwa unalipa LUKU kwa ajili ya kupasha moto sebule, na usiku umeme ukikatika utakuwa pale pale ulipokuwa wiki iliyopita.

Tuweke hesabu mezani, maana bila hesabu kila muuzaji ana neno lake. Tangi lako likijazwa hadi sentimita chache chini ya ukingo lina maji kama lita 125. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojouli 4.2. Hita ya wati 100 ikiwaka saa nzima inatoa kilojouli 360, kwa hiyo hata joto lote lingebaki ndani, maji yako yangepanda nyuzi 0.7 tu kwa saa. Sasa angalia upande wa pili. Kioo kitupu kinapitisha joto kirahisi sana, na uso wa maji ulio wazi unapitisha zaidi. Kwa ukubwa wa tangi lako, lisilo na mfuniko wala kitu chochote cha kulizunguka, nakadiria linapoteza wati 13 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yanazidi joto la chumba. Mwezi wa sita na wa saba, sebule nyingi za Mbeya alfajiri zina nyuzi 13 au chini ya hapo. Maji yakiwa 26, tofauti ni nyuzi 13, na 13 mara 13 ni wati 169. Hita yako inatoa 100. Inawaka usiku kucha, inashindwa, na maji yanashuka taratibu kuelekea nyuzi 21. Ukiamka saa 11 alfajiri ukakuta kitaa chekundu cha hita kinawaka, hapo umepata uthibitisho: hita ni nzima, ila imezidiwa.

Kanuni ya "wati moja kwa lita moja" unayosikia madukani si ya uongo. Inafaa chumba ambacho hakishuki zaidi ya nyuzi tano au sita chini ya joto unalolitaka. Dar es Salaam hata hita yenyewe mara nyingi haihitajiki, kwa sababu usiku chumba kina nyuzi 24 na kuendelea. Mbeya, Njombe, Iringa, Arusha wakati wa baridi, au Limuru kule Kenya, kanuni hiyo inavunjika.

Anzia juu, kwenye uso wa maji, kwa sababu huko ndiko hasara kubwa iliko na ndiko watu wasikoangalia. Maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto jingi mno, karibu kilojouli 2,400 kwa kila lita. Lita moja ikiondoka kwa mvuke usiku mmoja, joto lililoondoka nayo lingetosha kupoza tangi lako zima kwa nyuzi nne na nusu. Na lita moja haionekani kwa macho: kwenye tangi la 90 kwa 40 ni milimita 3 tu za kimo. Leo jioni chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito, sawasawa na uso wa maji, kisha angalia asubuhi. Kikombe cha chai kilichoachwa wazi hupoa upesi kwa sababu hiyo hiyo.

Nenda kwa fundi wa vioo akukatie mfuniko wa kioo cha milimita 4, vipande viwili vinavyokaa juu ya ukingo, pembe moja ikatwe kwa ajili ya waya, bomba la filta na kupitishia chakula. Mwambie asugue kingo zote zisikukate. Wengi huogopa kwamba samaki watakosa hewa. Hawatakosa, mradi pana uwazi huo wa pembeni na mdomo wa filta unatikisa uso wa maji. Oksijeni inaingia kupitia uso unaotikisika, na hewa iliyoko kati ya maji na mfuniko inabadilishwa vya kutosha na uwazi mdogo tu.

Baada ya juu, zunguka pembeni. Lile povu jeupe gumu ambalo huja ndani ya maboksi ya televisheni na friji ndilo kinga bora kwa bei ndogo. Mengi hutupwa, omba kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Unene wa sentimita 2 unatosha, 3 ni bora zaidi. Kata vipande vya nyuma na vya ubavu wa kushoto na kulia, vibandike kwa nje kwa utepe mpana wa gundi. Ukitaka sebule ipendeze, weka karatasi nyeusi au ya bluu kati ya povu na kioo. Samaki wa mawe nao hutulia zaidi wakiwa na mgongo wa giza. Chini ya tangi pia panahitaji kipande, lakini hicho ni lazima uondoe maji na kuinua tangi, kwa hiyo kisubiri siku ya usafi mkubwa. Angalizo moja hapo: kama tangi lina fremu ya plastiki inayoinua kioo cha chini, usiweke povu chini yake, kwa sababu litasukuma kioo mahali ambapo hakikutengenezwa kubeba uzito. Tangi lenye kioo kitupu chini ndilo linalofaa kukalia povu, na povu hilo linasaidia pia kusambaza uzito sawasawa.

Mbele unapaangalia mchana, basi usiku, taa ya tangi ikishazimwa na kupoa, teremsha blanketi zito kuanzia juu. Samaki hao hulala gizani, hutawasumbua. Usifunike taa iliyowashwa wala kichwa cha pampu.

Ukishafanya hayo yote, hasara yako inashuka kutoka wati 13 kwa nyuzi hadi kama wati 5. Chumba kikiwa na nyuzi 13 na maji 26, tangi linahitaji wati 65. Hita yako ya 100 ina akiba. Itawaka na kuzima, jambo ambalo sasa hivi haipati nafasi ya kulifanya.

Halafu itege nyuzi 25 badala ya 26. Mbuna wanakaa vizuri kati ya 24 na 26. Ziwa lao liko zaidi ya mita 1,200 chini ya kimo cha Mbeya mjini. Ukishuka Kyela unahisi mwenyewe hali ya hewa inavyobadilika. Ziwa hilo ni kubwa kiasi kwamba usiku mmoja hauligusi, ndiyo maana samaki wake hawakuzoea kuyumba kwa nyuzi nne au sita kila siku. Lakini nyuzi moja si kitu. Maji yakilala 25 yakaamka 24, usikose usingizi. Naona wafugaji wengi wanateseka kwa desimali kwenye kipimajoto cha kidijitali, na huko si kuwajali samaki. Kinachowaumiza ni mshuko mkubwa unaorudiwa kila usiku, na mshuko wa ghafla wa dakika chache.

Na huo wa ghafla mara nyingi hauletwi na usiku. Unaletwa na ndoo. Maji ya bomba Mbeya wakati wa baridi, hasa yakitoka tangi la juu ya paa asubuhi, yanaweza kuwa nyuzi 15. Ukibadilisha robo ya maji kwa maji hayo, tangi la nyuzi 25 linashuka hadi 22.5 kwa dakika kumi. Usiku mzima wa baridi haufanyi hivyo kwa kasi hiyo. Badilisha maji mchana, saa saba au saa nane, na uchanganye maji ya birika kwenye ndoo hadi kipimajoto kisome sawa na tangi, tofauti isizidi nyuzi moja. Usikadirie kwa kidole, kwa sababu mkono uliotoka kwenye baridi hudanganya. Na zima hita kwenye soketi kabla ya kupunguza maji, usubiri robo saa ipoe. Hita ikiwaka huku iko hewani hupasuka, na hita iliyopasuka ndani ya maji ni hatari kwako kabla ya kuwa hatari kwa samaki.

Sasa tuje kwenye kukatika kwa umeme, maana hapo ndipo unapoona faida ya kuziba kwa macho. Chukua usiku umeme umekatika saa sita mfululizo, maji yakianza na 26 na chumba kikiwa na 13. Tangi lako la sasa lililo wazi litafika kama 20.5, na wewe mwenyewe uliona 20. Tangi lile lile likiwa na mfuniko, povu na blanketi litafika 24 au chini yake kidogo. Hakuna hita duniani itakayokupa matokeo hayo wakati soketi haina umeme.

Watu huniuliza kuhusu inveta na betri. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini betri ya risasi ukitaka idumu unatumia nusu tu. Hita ya wati 100 ikiwaka saa sita mfululizo inahitaji 600, kwa hiyo inaimaliza nusu hiyo yote, na inveta yenyewe nayo inakula kidogo. Kwa upande mwingine, pampu ndogo ya hewa inakula wati 3 hadi 5, na betri hiyo hiyo itaiendesha siku kadhaa. Ushauri wangu: betri iwe ya hewa, blanketi liwe la joto. Hewa ndiyo ya haraka zaidi, kwa sababu bakteria wanaokaa kwenye filta na kusafisha amonia (sumu itokanayo na kinyesi cha samaki) huanza kufa maji yakisimama kwa saa kadhaa bila oksijeni. Kuna pampu ndogo za hewa zinazoendeshwa na betri za tochi au kwa waya wa kuchajia simu. Moja ya hizo ukiwa na pawabenki inakuvusha usiku. Na jioni ambayo umeme unasumbua, usiwalishe. Samaki aliyepoa hamalizi kusaga chakula, na mabaki yanaoza.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu zaidi, tumia chupa za maji ya moto. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye maji ya nyuzi 60 hivi (yanayochemka huikunja), ifunge vizuri na uiache ielee ndani ya tangi. Itapandisha tangi lako chini ya nusu nyuzi. Inaonekana kidogo, lakini chupa nne kwa zamu, blanketi likiwa juu, zinarudisha karibu nyuzi mbili polepole, kwa mwendo ambao samaki wanauvumilia. Toa kwanza maji kidogo ili lisifurike. Usimwage maji ya moto moja kwa moja ndani ya tangi.

Jambo la kukazia kwa uzito wote: usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupasha tangi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu wakiwa wamelala. Samaki hawana thamani ya kulinganishwa na hilo.

Nilisema uiache hita ya wati 300. Sababu moja ni gharama, lakini nyingine ni kubwa zaidi. Hita nyingi za bei nafuu zina themostati ya bati la metali mbili linalojikunja likipata joto na kuachanisha umeme. Baada ya miaka ya kuwaka na kuzima, ncha zake huungua na kugandana, na hita inabaki imewaka moja kwa moja. Tangi lililo wazi lingejipoza lenyewe kiasi. Tangi lililozibwa halijipozi: kila wati 5 zinaongeza nyuzi moja juu ya joto la chumba. Wati 300 zilizogandana humo zitapandisha maji karibu nyuzi mbili kila saa, na ukitoka kazini jioni hutakuta samaki hai. Yaani kadiri unavyoziba vizuri, ndivyo hita inavyopaswa kuwa ndogo. Hata ya wati 100 ikigandana, inaweza kuyafikisha maji mahali pabaya ndani ya siku moja, ila utakuwa na saa nyingi za kuliona tatizo.

Pesa uliyotenga kwa hita kubwa, nunua ndogo ya wati 50 uitege nyuzi 23, iwe ya akiba. Siku zote itakuwa imezima. Ukiikuta inawaka, ujue ile ya wati 100 imekufa au imezidiwa. Kama utabakiwa na pesa, nunua kidhibiti joto cha nje, kile chenye kihisi kinachotumbukizwa majini na soketi yake, ukitege kikate umeme maji yakizidi 28. Hita ya wati 100 ilaze karibu na chini, mahali maji ya filta yanapopita, ikiwa maelekezo yake yanaruhusu kuzamishwa yote. Waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likishuka na waya lisiingie kwenye umeme.

Kipimajoto nacho tukiangalie. Kama unatumia ule utepe wa kubandika nje ya kioo, unasoma joto la kioo, na kioo kinachopigwa na baridi ya chumba kiko chini ya maji yenyewe. Tumia cha kioo kinachokaa ndani, au cha kidijitali chenye kihisi cha waya, na ukiweke upande wa mbali na hita. Soma mara mbili: unapolala na saa 11 alfajiri, kwa sababu saa ya baridi kali ni ile ya kabla tu ya jua kuchomoza. Andika pamoja na joto la chumba. Usiku wa nne au wa tano utakuwa umejua vizuri zaidi tangi lako linapoteza kiasi gani kuliko makadirio yangu. Na kama tangi liko chini ya dirisha au limeegemea ukuta wa nje, lihamishie ukuta wa ndani siku hiyo hiyo utakayoliinua kuweka povu la chini.

Madoa meupe ni kimelea cha majini ambacho hupata nafasi kinga ya samaki inaposhuka, na baridi ya kila usiku inaishusha. Kwa maelezo yako nina hakika kiasi cha kutosha kukuambia uanze leo. Ukishaziba tangi, pandisha joto nyuzi moja kwa siku hadi 28, ongeza jiwe la hewa (lile lenye vitundu linalotoa mapovu ya pampu) kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na weka chumvi gramu 1 hadi 2 kwa lita, ukiiyeyusha pembeni na kuimimina kidogo kidogo kwa siku mbili. Samaki wa Nyasa wanaivumilia. Kimelea hicho kina hatua tatu, na kinapokuwa juu ya samaki hakuna dawa inayokifikia. Unakikamata kinapoelea kutafuta samaki mwingine. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya nne, usiache. Endelea siku kumi zaidi, kisha rudisha 25 taratibu na upunguze chumvi kwa kubadilisha maji.

Neon tetra na diskasi, hapana. Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 8. Neon na diskasi ni wa mito ya Amazoni yenye maji laini ya asidi. Neon atafukuzwa na kutafunwa siku ya kwanza. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30 mchana na usiku, na kwa Mbeya, pamoja na umeme ulivyo, nisingemshauri mtu asiye na sola ya kutosha. Ukitaka tangi la pili lisilo na hita kabisa, chukua zebra danio, au wale samaki wadogo wa milima ya China wanaoitwa White Cloud, ambao nyuzi 17 kwao ni asubuhi ya kawaida. Tangi la lita 60, mfuniko, povu nyuma na pembeni, na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, vinawatosha.